Ukuta wa Kalenga na Bustani ya Vaux

Nicolas Fouquet alimkaribisha mfalme wake nyumbani tarehe 17 Agosti 1661. Tarehe 5 Septemba mwaka huohuo akakamatwa. Kutoka karamu hadi pingu ni siku 19, na nyumba ilimofanyika karamu hiyo ilikuwa imejengwa kwa miaka kama mitano, juu ya ardhi aliyoinunua miaka ishirini kabla. Kwa hesabu ya mfanyabiashara, hiyo ni hasara tupu.

Nyumba yenyewe inaitwa Vaux-le-Vicomte. Ipo mpaka leo, kilomita kama 55 kusini-mashariki ya Paris. Najua msomaji wa Mafinga au Tukuyu atauliza inamhusu nini. Inamhusu kwa njia ya ajabu kidogo: ukikifuata kisa cha Vaux bila kukiacha njiani, unatokea Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo, karibu kabisa na Iringa mjini. Na ukifika Kalenga unakuta kosa ni lilelile, ingawa aliyelifanya alikuwa mtu mkubwa kuliko Fouquet kwa kila kipimo ninachokijua.

Tuanze na Mfaransa. Mwaka 1653 Fouquet alipewa usimamizi wa fedha za ufalme wa Ufaransa. Hazina ilikuwa tupu kwa sababu ya vita, na mfalme, Louis wa 14, alikuwa kijana wa miaka 14 ambaye mambo yake yote yaliendeshwa na Kadinali Mazarin. Wakopeshaji hawakuiamini serikali, ila walimwamini Fouquet. Basi alikopa kwa jina lake, akaikopesha serikali, akajilipa, akakopa tena. Mfuko wake na mfuko wa taifa ikachanganyika hadi ikawa vigumu hata kwake mwenyewe kusema shilingi hii ni ya nani. Sina hakika kwamba alikuwa mwizi kuliko wenzake. Mazarin alipokufa Machi 1661 aliacha utajiri mkubwa kuliko wa Fouquet, wala hakuna aliyemgusa. Tofauti ni kwamba utajiri wa Fouquet ulikuwa na madirisha.

Kwa ujenzi wa Vaux aliwachukua watu watatu waliokuwa bora nchini: Louis Le Vau msanifu majengo, Charles Le Brun mchoraji, na André Le Nôtre, mtunza bustani na mwana wa mtunza bustani. Ni huyu wa tatu anayestahili kuelezwa kwa kirefu. Bustani aliyoibuni haikuwa ya kupumzikia chini ya mti. Ilikuwa ardhi iliyoamrishwa: vichaka vimekatwa vikawa kama nakshi za zulia, njia zimenyooka kama uzi wa mwashi, maji yamekaa mahali yalipoambiwa yakae. Tena ilikuwa na ujanja ndani yake. Kila bwawa lililokuwa mbali zaidi alilifanya kubwa zaidi, hivyo mtu aliyesimama kwenye ngazi za nyumba aliiona bustani nzima kama iko karibu. Akianza kutembea, kule mwisho kunazidi kusogea. Halafu, akidhani sasa amefika, ardhi inashuka ghafla na mbele yake unatokea mfereji wa maji wenye urefu wa karibu kilomita moja, unaokata njia yake kabisa. Kutoka nyumbani mfereji huo hauonekani hata kidogo.

Mwenye bustani ile naye alikuwa na mfereji katika njia ya maisha yake, na hakuuona.

Jioni ya karamu mtunzi wa tamthilia Molière alionyesha mchezo mpya, fataki zikapasua anga, na chakula kilikuwa cha kumtia aibu mfalme ambaye vyombo vyake vya fedha vilikuwa vimeyeyushwa kulipia vita. Kwenye kuta na dari palichorwa kindi, mnyama wa nembo ya ukoo wa Fouquet, na chini yake maneno ya Kilatini yenye maana ya kuuliza ni wapi huyu hatapanda. Husimuliwa kwamba mfalme aliona wivu usiku huo, akataka kumkamata mwenyeji wake mezani, na mama yake ndiye aliyemzuia.

Hadithi hiyo ni tamu, nayo ndiyo inayotupoteza. Mfalme alikuwa ameazimia kumwangusha Fouquet miezi kadhaa kabla ya karamu, na Colbert, mtumishi aliyekitaka kiti chake, alikuwa akikusanya ushahidi siku nyingi. Kilichowachelewesha ni kizuizi kimoja tu. Mbali na fedha, Fouquet alikuwa mwanasheria mkuu katika mahakama kuu ya Paris, na mwenye cheo hicho hakuweza kushtakiwa ila mbele ya mahakama hiyo yenyewe, yaani mbele ya wenzake. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngao yake. Haikuwa na bustani wala haikuchorwa kindi, na hakuna mgeni aliyewahi kuisifia. Kiangazi kile wakamnong'oneza kwamba cheo hicho kinamshusha hadhi, kwamba akikiacha mfalme atampandisha juu zaidi. Akakiuza. Fedha zilizopatikana, sehemu kubwa akampa mfalme. Kisha akaenda kukagua maandalizi ya karamu.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu kosa hili nimeliona likirudiwa mara nyingi katika mikoa yetu, na wanaolirudia si mawaziri. Mtu wa Mufindi au Njombe amepanda miti ya mbao. Miti hiyo haimwongezei sifa kijijini, imesimama tu huko mlimani pamoja na ya wengine. Kama ataiacha ifike miaka 18 au 20 na zaidi, atapata mbao zenye bei. Lakini nyumba imeshapauliwa kwa bati la msauzi, ukuta wa uzio umefika kifuani, na jirani aliyerudi kutoka Dar es Salaam ameweka ukoka na vitofali vya sakafuni mpaka getini. Basi anaikata miti ikiwa michanga, anauza kwa bei ya mirunda, ukuta unakamilika. Mwenzake wa Mbeya anautoa mtaji dukani Mwanjelwa kidogokidogo, mfuko huu wa saruji, gari lile la kokoto, hadi rafu zinabaki na sabuni na njiti za kiberiti. Wote wawili wana nyumba nzuri. Ugonjwa ukiingia, au ada za watoto, wanagundua kwamba nyumba ya kijijini haiuziki kwa mtu yeyote, kwa kuwa kila anayeweza kuinunua naye ana kwao.

Taifa letu liliwahi kulijua jambo hili. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka atamke mali zake. Lakini sheria hizo zinauliza nyumba imepatikanaje. Hazimuulizi mwenyewe aliuza nini ili aipate.

Turudi Ufaransa. Fouquet alikamatwa mjini Nantes na d'Artagnan, ofisa wa walinzi wa mfalme ambaye baadaye Alexandre Dumas alimfanya shujaa wa riwaya. Katika nyumba yake nyingine, kule Saint-Mandé, wapekuzi walikuta nyuma ya kioo karatasi ya mpango wa kujilinda endapo angekamatwa: rafiki gani ajifungie katika ngome ipi. Alikuwa amenunua kisiwa cha Belle-Île na kukiimarisha kwa ulinzi. Karatasi hiyo ikamfanya aonekane mhaini. Kesi ilichukua miaka mitatu, na wengi wa mahakimu wakapiga kura afukuzwe nchini. Mfalme, ambaye kazi yake kwa mila ilikuwa kupunguza adhabu, akaiongeza: kifungo cha maisha. Fouquet akafa mwaka 1680 katika ngome ya Pignerol, milimani, bila kuiona Vaux tena.

Mfalme hakuibomoa nyumba. Aliichuma. Mapazia ya kufumwa, sanamu, hata michungwa ya bustanini ilihamishwa. Zaidi ya yote aliwachukua wale watu watatu, Le Vau, Le Brun na Le Nôtre, akawapeleka mahali ambapo baba yake alikuwa na kijumba cha kupumzikia akiwinda. Mahali hapo ni Versailles. Wakamfanyia kile walichokuwa wamekijaribu Vaux, ila mara nyingi zaidi kwa ukubwa, na mwaka 1682 akahamia huko na serikali yake yote. Le Brun akamchorea dari la ukumbi mrefu wenye vioo 357.

Versailles nayo ikarithiwa na walioitazama kwa uchu. Oktoba 1789 umati kutoka Paris ulimtoa humo mjukuu wa kitukuu cha Louis. Na tarehe 18 Januari 1871, Wafaransa wakiwa wanashindwa vitani, wakuu wa Kijerumani walisimama katika ukumbi uleule wa vioo wakatangaza kuzaliwa kwa Dola la Ujerumani. Miaka ishirini baadaye dola hilo lilimtuma Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, apande na majeshi kutoka pwani kwenda kuwaadhibu Wahehe. Alifika Lugalo, mashariki ya Iringa, tarehe 17 Agosti 1891.

Ndiyo, 17 Agosti tena. Kalenda haina nia yoyote na mimi sitaki kuipa nia. Lakini mwalimu wa historia anayetaka wanafunzi wakumbuke tarehe mbili kwa bei ya moja, na azichukue.

Lugalo palikuwa ni njia nyembamba kati ya vichaka na mawe. Zelewski alikuja na bunduki za kisasa na mizinga juu ya punda, jeshi lake limejipanga mstari mmoja mrefu. Watu wa Mtwa (mtawala wa Wahehe) Mkwawa, maelfu kadhaa, walikuwa wamelala majanini pande zote mbili, wengi wao wakiwa na mikuki. Ilipotolewa ishara mapigano yenyewe yalikuwa ya dakika chache tu. Zelewski akauawa pamoja na Wajerumani kama tisa wengine na askari zaidi ya 200. Bunduki kama 300 zikaangukia mikononi mwa Wahehe. Nao walipoteza watu wengi, jambo ambalo nyimbo za ushindi hulipita haraka.

Sasa angalia ushindi huo ulitokana na nini. Zelewski hakujua Mkwawa yuko wapi. Hiyo tu. Mizinga ni mibovu sana kwa mtu usiyemwona.

Wakati huohuo Kalenga palikuwa na ukuta. Ngome ya Mkwawa, inayojulikana kama Lipuli, ilizungushiwa boma la mawe na udongo lenye urefu wa kilomita kadhaa, na kimo kilichomshinda mtu kuruka, karibu mita nne mahali pengine. Ujenzi wake ulikula nguvu kazi ya nchi nzima kwa miaka. Usione vyaelea, vimeundwa: hakuna mtawala wa nyanda hizi aliyewahi kuwakusanya watu wengi kiasi hicho kubeba jiwe moja baada ya jingine kwa amri moja. Ndani zilikaa nyumba, ng'ombe, meno ya tembo na baruti. Mgeni aliyefika alijua amefika kwa mwenye nchi.

Wala haukuwa upumbavu. Katika vita vya milimani kwetu, kabla ya mizinga, boma lilikuwa ni jibu. Wasangu wa Merere, mahasimu wa muda mrefu wa Wahehe, waliponea ndani ya miji yao yenye kuta, na waliposukumwa kutoka Usangu walijenga tena Utengule, magharibi ya mahali ulipo mji wa Mbeya leo. Aliyewahi kuuzingira ukuta na akashindwa anajua thamani yake. Mkwawa alijenga kwa akili, ila akili hiyo ilikuwa ya vita vilivyokwisha.

Kinachonisumbua si kwamba aliujenga. Ni kwamba baada ya Lugalo, akiwa ameshaona kwa macho yake kwamba kichaka kimemshinda Mjerumani, aliuegemea. Wapo watakaonijibu kwamba mtawala hana uhuru wa kulala majanini. Ana wazee, wanawake, watoto na mifugo, na nchi isiyo na mji mkuu si nchi. Jibu hilo lina uzito na sijapata la kulifuta. Lakini Gavana von Schele alipokuja mwaka 1894 hakuwa na haja ya kumtafuta mtu. Alijua njia, alijua mlango, alijua hata mlima wa kuwekea mizinga. Walipiga, kisha tarehe 30 Oktoba wakaupanda ukuta na kupigana nyumba kwa nyumba. Kalenga ikaanguka. Pembe na baruti zilizokusanywa kwa miaka zikachukuliwa kwa siku moja, kwa sababu zote zilikuwa mahali pamoja.

Mkwawa mwenyewe hawakumpata. Ndipo inapoanza sehemu ya kisa ambayo mimi huiona kubwa kuliko Lugalo, ingawa haina mnara barabarani. Kwa karibu miaka minne mtu huyu asiye na ngome, asiye na pembe wala ghala la baruti, aliwasumbua Wajerumani kuliko alivyowasumbua akiwa na vyote hivyo. Walijenga kituo kwenye kilima, ndio mwanzo wa mji wa Iringa tunaoujua. Walichoma mashamba ili asipate chakula. Walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Watu wake walimlisha usiku na asubuhi wakasema hawajamwona. Wajerumani wakamweka ndugu yake Mpangile atawale mahali pake mwishoni mwa 1896. Kabla Februari 1897 haijaisha walikuwa wamekwisha kumnyonga wakimshuku kuwa yuko upande wa Mtwa. Mpangile alikubali nyumba ya kupewa, na anayekupa nyumba ndiye mwenye ufunguo.

Tarehe 19 Julai 1898, mgonjwa na amebakiwa na watu wachache mno, Mkwawa alijipiga risasi karibu na Mlambalasi kabla askari hawajamfikia. Wakamkata kichwa.

Na sasa tunarudi Versailles. Juni 1919 Wajerumani walioshindwa Vita vya Kwanza vya Dunia waliingizwa katika ukumbi uleule wa vioo kutia saini mkataba wa amani. Ndani ya mkataba huo, kati ya vifungu vinavyogawa mito, makaa ya mawe na makoloni, kifungu cha 246 kinaiagiza Ujerumani irudishe fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Wazo lilikuwa limetoka kwa Horace Byatt, aliyekuwa akiongoza utawala wa Waingereza katika nchi hii. Wajerumani walidai hawana. Ilipita miaka zaidi ya thelathini hadi Gavana Edward Twining alipokwenda mwenyewe katika makumbusho ya Bremen, akapekua mafuvu yaliyopangwa kwenye rafu, akachagua moja lililolingana kwa vipimo na vichwa vya jamaa wa Mkwawa. Mwaka 1954 alilikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania kwa miaka mingi.

Vaux nayo ina wenyewe wengine. Mjane wa Fouquet aliiuza mwaka 1705. Mwaka 1875 ilinunuliwa mnadani na Alfred Sommier, tajiri wa viwanda vya sukari, bustani ikiwa imekuwa pori, naye akaichimbua upya mstari kwa mstari. Tangu 1968 watu hukata tiketi kuingia. Kwa gharama ya kuitunza, huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote yaliyowahi kufanyika katika nyumba hiyo.

Amebaki mtu mmoja. Tom von Prince, ambaye Waswahili walimwita Bwana Sakarani, alikuwa kati ya maofisa walioupanda ukuta wa Kalenga, akauanzisha mji wa Iringa na kuongoza msako wa Mkwawa hadi mwisho. Hakuna Mzungu aliyejua vizuri kuliko yeye jinsi Mtwa alivyokuwa mgumu kushikika tangu alipokosa nyumba. Mwaka 1900 aliacha jeshi, akaenda Usambara na mkewe Magdalene, wakafungua shamba na kujijengea makao mazuri milimani, wakapaita Sakarani kwa jina lake la utani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka akaitwa tena jeshini, na tarehe 4 Novemba 1914 akauawa Tanga. Vilipokwisha, mashamba ya Wajerumani nchini yalichukuliwa kama mali ya adui, yakapigwa mnada. Sakarani leo iko mikononi mwa watawa Wabenedikto. Wanauza divai na karanga za makadamia.